Uzi wa waliooka tofali wakaliita keki, leteni aibu zenu hapa

mama_kulwa
Jamani za jioni. Kila nikiingia huku kwenye mapishi nakuta makeki ya ghorofa tatu yamenyooka utadhani yamepigwa pimamaji, leo nataka tufungue uzi wa sisi wengine, wale ambao keki yetu ikidondoka kinachopasuka ni kigae. Naanza mimi ili msione aibu.

Mwezi uliopita nilinunua ile oveni ndogo ya kuweka mezani, ya mtumba lakini nzima, nikasema sasa na mimi nimeingia mjini. Wiki hiyohiyo mama mkwe anakuja kutoka Singida, nikamwambia baba Kulwa usinunue kitu chochote huko njiani, mama yako atakula keki ya mkono wangu. Nikaingia YouTube nikampata dada mmoja wa Marekani ana jiko kubwa kuliko sebule yangu, anaongea haraka ila vipimo kaandika chini. Nikafata kila kitu. Siagi na sukari nimepiga kwa mwiko mpaka bega likakataa, maana mashine sina. Tukafika kwenye moto, kaandika 350. Naangalia kitufe cha oveni yangu kinaishia 250. Nazungusha huku, nazungusha kule, 250 ndio mwisho wa reli. Nikajisemea hii oveni ya kimasikini nguvu yake ndogo, basi naiweka mpaka mwisho alafu hiyo 100 iliyobaki nitaifidia kwa dakika.

Dakika ya 15 harufu. Dakika ya 20 moshi, Kulwa na Doto wanakohoa huko chumbani. Natoa keki nyeusi tii kama chungu, juu imepasuka ufa unaingia kidole. Nikachukua grata ya karoti nikaanza kuikwangua, nakwangua huku nasikia hodi mlangoni, ndio wenyewe wameshafika.

Mama mkwe kaletewa keki mezani. Kaiangalia. Kaniangalia. Kachukua kisu nikajua anakata, kumbe kakigeuza akagonga na mpini juu ya keki, ko ko ko, akainamisha sikio akasema: "Hodi humu ndani?"

Baba Kulwa alitoka nje akaenda kuangalia gari ambayo hatuna.

Alafu ilipotobolewa ndani uji mtupu unatiririka, mama mkwe akasema, "Kumbe wenyewe wapo. Lete vijiko mwanangu."

Haya nimemaliza, na nyie mwageni.

kaka_wa_geto
Kuangalia gari ambayo hamna 😂😂😂 nimecheka daladala nzima imenigeukia

mwl_nyuzi
Pole sana dada. Hiyo 350 ni ya Farenhaiti, Wamarekani ndio wanapimia hivyo. Kwa Selsiasi ni kama 177, ndio maana watu wanaandika 180. Wewe kuweka 250 umeichoma kwa moto wa kama 480 wa huyo dada wa YouTube. Nje ikaganda haraka, unga wa ndani ukabaki umefungiwa, ukatafuta pa kutokea, ule ufa ndio mlango waliotokea.

mama_kulwa
Mwalimu asante, ila hilo la mlango usije ukamwambia mama mkwe.

kaka_wa_geto
Mimi nilikuwa nakaa na washkaji wawili Mabibo, siku mmoja anatimiza miaka 25 tukasema tusimnunulie keki, tutampikia, wanaume wa kisasa. Nikatumwa dukani na karatasi, imeandikwa unga kilo moja, mayai sita, sukari, mafuta, baking soda. Nafika kwa mangi namwambia nipe soda ya kupikia, akaniuliza unapikia nini, mi nikaona anataka umbea nikamjibu nipe tu mzee. Akanifungia kwenye kipande cha gazeti. Sikukifungua mpaka geto.

Wakuu kumbe nimepewa magadi. Yale ya makande na mlenda, mawe mawe kabisa. Mshkaji akasema si yote ni soda, yatwange. Tukatwanga na chupa ya bia, tukaweka vijiko vitatu vya kula maana tulitaka ipande vizuri.

Kwanza ikageuka njano. Sio njano ya mayai, njano ya jezi ya Yanga. Alafu harufu ikaanza kama mtu anafua mashuka kwenye chumba. Mwenye bethdei kawekewa kipande cha kwanza mdomoni kama ilivyo desturi, simu tatu zinamrekodi, akatafuna mara mbili akasimama. Akasema "wanangu, nahisi natoa povu". Hakuwa anatania, kwenye kona ya mdomo povu lilikuwepo. Vidio ninayo mpaka leo, natumia kila akigoma kulipa kodi.

shangazi_wa_barabara_kumi
Mwanangu uliyeweka magadi, nimecheka mpaka kanga imefunguka. Hata ile soda yenyewe ya kwenye kopo haiendi vijiko vitatu vya kula, ikizidi kidogo tu unaanza kula sabuni. Na inataka kitu kichachu cha kuichokoza, mtindi au ndimu, bila hivyo inakaa tu humo inakungoja mdomoni. Beking pauda ndio ina uchachu wake ndani tayari, ndio maana inasamehe.

binti_darajani
Assalaam alaykum wana uzi. Mie yangu si keki, ni mkate wa kumimina, tena Ramadhani ya kwanza nipo kwa mume. Nimeroweka mchele wangu tangu usiku, nimeusaga na hiliki, tui nimelikamua la nazi mbili zito kama maziwa. Kosa langu tui nililitia motoni, nikaambiwa na nani sijui lichemshwe kwanza lisichache, alafu nikalimimina la moto vilevile juu ya hamira. Nikafunika bakuli na kitambaa kizuri, nikaliweka pembeni, nikaenda zangu kuswali alasiri.

Narudi, kimya. Hata kipovu kimoja. Nikasema nipe muda. Saa kumi na moja, kimya. Bibi yake mume wangu akapita jikoni, akafunua kitambaa, akachungulia, akaingiza kidole akaonja ule umoto uliobaki, akasema taratibu kabisa "Innaa lillahi". Nikaruka nikauliza bibi kafa nani? Akasema "Hamira."

Kumbe hamira kitu hai, ukiitia kwenye kitu kinachounguza umeiua palepale. Yataka uvuguvugu tu, kama maji ya kumuogesha mtoto mchanga. Nilioka hivyohivyo kwa ubishi, ukatoka mkate mwembamba umekakamaa, ami yake akautumia kuchotea mchuzi kama kijiko na kijiko chenyewe hakikulowa.

mzee_wa_boflo
"Bibi kafa nani" 😂 nimeisoma kwa sauti nyumba nzima inacheka

wa_kongowea
Wueh, sasa mimi ni wa Mombasa lakini kazi imenileta Nairobi. Kwetu nilikuwa napika keki wa kusifika mtaa mzima, harusi haiishi sijaitwa. Nimefika Nairobi nikajitapa kwa wenzangu wa ofisini kuwa jumatatu nawaletea keki ya Pwani. Vipimo vilevile, sufuria ileile nimetoka nayo nyumbani, hata mwiko.

Keki ikapanda. Mimi nimekaa mbele ya kioo cha oveni nafurahi, inapanda, inapanda, ikafika juu ya sufuria ikaendelea tu, ikaanza kumwagika pembeni inadondoka chini ya oveni inaungua. Nikasema si mbaya, itabaki nyingi. Alafu nikiangalia hivi hivi na macho yangu ikashuka. Puu. Katikati shimo, pembeni kuta, ni kama bakuli. Nikarudia jumapili, bakuli tena. Jumatatu nilijaza matunda kwenye lile shimo nikawaambia hii ndiyo keki ya Pwani, wakaisifu, wakaniuliza shimo mnalitengenezaje.

Baadaye ndio mama mmoja jirani akanieleza ni mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ile gesi ya beking pauda haina cha kuizuia, inafura haraka keki ikiwa bado laini, ikichoka inaanguka. Sasa napunguza beking pauda karibu robo na sukari kidogo, naongeza maziwa kijiko kimoja viwili, inakaa.

mzee_wa_boflo
Mlima na keki wapi na wapi. Mpishi akishindwa atasingizia hata mwezi. Sema hujui kupika ndugu yangu, hapa ni kwa wenzako.

wa_kongowea
Mzee wangu heshima yako, lakini kuja Nairobi nikupe unga uoke mbele yangu.

mama_wa_makambako
Mzee wa boflo tulia. Mimi ni wa kanda za baridi huku, niulize maharage yanaiva saa ngapi. Ukiyateleka Dar na ukiyateleka huku ni vitu viwili tofauti, maji huku yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa, kwa Nairobi ni kama nyuzi 94 badala ya 100. Kama mlima unaweza kukushikia maharage tangu asubuhi mpaka jioni, keki itapona?

mzee_wa_boflo
Hapo kwenye maharage umenipata. Naondoa kauli.

mpole_wa_leipzig
Niruhusuni wa ughaibuni nichangie. Niko Ujerumani, mwezi wangu wa kwanza Kijerumani changu kilikuwa kinaishia kwenye asante. Huku beking pauda haiuzwi kwenye kopo, inakuja kwenye vipakiti vidogo vya karatasi, kimoja ni cha nusu kilo ya unga. Vilivyo pembeni yake, rafu hiyohiyo, vipakiti vya ukubwa uleule, ni sukari ya vanila. Mmeshaona naenda wapi.

Nikaweka vitatu, maana kimoja niliona kidogo.

Nyumba ikanukia peponi. Nimefungua oveni nakuta kitu kimelala chini kwenye bati la kuokea, kina unene wa kidole, kimeng'aa, kitamu ajabu lakini ni kama chapati iliyosoma. Bibi jirani wa Kijerumani kavutwa na harufu akagonga mlango, nikamkatia kipande, akala, akafunga macho, akauliza hiki kwenu mnakiitaje. Nikamwambia kashata.

Kila krismasi mpaka leo ananiomba nimpikie kashata, na siku niliyomletea kashata za kweli, za nazi, akanikatalia akasema hizi sio zenyewe.

kaka_wa_geto
Chapati iliyosoma 😂😂 uzi huu ufungwe jamani nina kazi

fundi_sufuria
Nyie mnahangaika na oveni. Mimi tangu nizaliwe ni sufuria na mchanga. Sufuria kubwa, mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, unauacha ushike moto dakika kumi, ile sufuria yenye keki inakaa juu ya mchanga, mfuniko, alafu unapalia makaa kama wali. Chini makaa machache, juu mengi. Haina nyuzi wala kitufe.

Aibu yangu ni moja tu. Kuna siku mtoto wa dada yangu anasumbua, anko imeiva, anko imeiva, nikafunua kuangalia. Mfuniko wa makaa unatakiwa uuinue ukiwa bapa, uvute pembeni. Mimi nikauinua kama mtu anafunua kitabu. Kaa moja likateleza, likaingia katikati ya keki taratibu kama mtu anaingia kitandani, ikazama, moshi ukatoka kwenye tundu. Tulikula pembeni tukaacha mduara. Mtoto akaniuliza anko hili tundu ndio la mshumaa?

shangazi_wa_barabara_kumi
Na ndio maana tunasema dakika ishirini za mwanzo usifungue kabisa, iwe oveni iwe sufuria. Unaingiza ubaridi, inalala.

mtoto_wa_tabora
Kuna aliyeoka kwenye gazeti humu? Zamani mama alikuwa hana karatasi za kuokea, anakata gazeti duara, anapaka mafuta, anatandika chini ya sufuria. Siku ya kipaimara cha dada yangu keki imegeuzwa kwenye sinia, gazeti limebanduka, wino umebaki. Msimamo wa ligi wote upo kwenye keki, tena umegeuka kinyumenyume. Baba, mtu wa Simba kindakindaki, aliagiza kioo cha ukutani kishushwe asome, kugundua timu yake iko ya tatu akasema kipande hicho apewe mjomba.

bi_vanila
Yangu fupi. Mayai kumi, napasulia moja kwa moja kwenye bakuli lenye unga na siagi. Tisa mazima. La kumi viza. Sina la kuongeza, siku hizi napasulia kwenye kikombe kwanza.

kaka_wa_geto
La kumi 💔 si bora lingekuwa la kwanza

dada_keki_tmk
Mimi nauza keki kutoka nyumbani, Temeke, kwa hiyo aibu yangu imelipwa na pesa ya mtu, nisameheni mapema.

Mwezi wa pili, mnajua Dar ya mwezi wa pili. Harusi Kimara, keki ya ghorofa tatu, nimepaka krimu ya siagi tupu kwa sababu bibi harusi alisema hataki mafuta ya kopo, anataka siagi halisi. Nikamwambia mdogo wangu joto hili, akasema nataka siagi. Sawa. Asubuhi keki imetoka kwenye friji imesimama, nyeupe, maua ya waridi nimechora mwenyewe, juu kabisa yule bwana na bibi wa plastiki. Gari niliyopanga ikaniangusha dakika za mwisho, nikachukua bajaji.

Ubungo foleni. Bajaji imesimama juani, mimi nimekumbatia boksi mapajani, nachungulia. Ua la kwanza likainamisha kichwa. Nikampepea na risiti. La pili. Nikamwambia dereva kaka yangu tafadhali, akasema dada mi mwenyewe nayeyuka. Tukapita tuta moja pale, tuta la kawaida, ghorofa ya juu ikasogea mbele kama mtu anayesalimia wakubwa. Nikaizuia na kiganja. Kiganja kikaingia.

Kufika ukumbini nafungua boksi, bwana harusi wa plastiki amezama mpaka kifuani, mikono tu iko nje, bibi harusi amesimama vilevile, hana hata tone. Mama wa bwana harusi yuko pembeni yangu. Akaangalia muda mrefu. Akasema "Haya ndiyo niliyokuwa namwambia."

MC akaniokoa, akatangaza hii ni keki ya mtindo mpya, bwana harusi amezama kwenye penzi, ukumbi vigelegele. Nusu ya hela nilirudisha na nilistahili. Siagi kwenye nyuzi thelathini na kitu inakuwa mafuta, hakuna dua inayoizuia, sasa mteja akitaka siagi tupu mwezi wa pili namwambia keki aifate mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi.

shangazi_wa_barabara_kumi
"Haya ndiyo niliyokuwa namwambia" 😭😭 huyo mama apewe uzi wake

binti_darajani
Na ndoa ipo?

dada_keki_tmk
Ipo, wana mtoto. Keki ya bethdei ya mtoto waliagiza kwa mtu mwingine.

mama_kulwa
Nimerudi wenzangu, mrejesho. Nimewasoma wote, leo nikasema narudia. 180, mwalimu. Yai napasulia kwenye kikombe, bi vanila. Sifungui dakika ishirini, shangazi. Nimekaa mbele ya oveni na kigoda kama mlinzi wa benki. Dakika ya 22 keki imeanza kupanda vizuri, rangi ya maandazi, nikaita Kulwa na Doto waje waone.

Umeme ukakatika.

Nilisimama nimeshika kichwa. Alafu nikakumbuka fundi_sufuria. Mchanga upo nje wa jirani anajenga, ila mbichi, mvua ilinyesha, nikasema hapana huo utanipikia mvuke. Nikachukua sufuria kubwa, nikaweka vijiwe vitatu chini badala ya mchanga, jiko la mkaa lilikuwa na maharage nikayatoa, keki ikaingia, nikapalia juu. Mfuniko nimeuinua bapa, fundi, mikono inatetemeka.

fundi_sufuria
Vijiwe sawa kabisa. Enhe?

mama_kulwa
Imetoka. Upande mmoja iko juu upande mwingine iko chini, maana kijiwe kimoja kilikuwa kikubwa, ukiiweka mezani inaangalia dirishani. Ila imeiva mpaka katikati, nimechoma njiti ya kibiriti imetoka kavu. Watoto wameshakula robo.

Nikampigia picha nikamtumia mama mkwe Singida kwa simu ya shemeji. Kakaa kimya nusu saa, moyo unanidunda. Alafu ikaingia sauti yake, nyuma nasikia mbuzi: "Mama Kulwa nimeiona, hongera mwanangu. Sasa hii mlango wake uko upande gani, nisije nikagonga ukutani."